Bakuman

Bakuman (kwa Kijapani: バクマン。) ni hadithi ya Kijapani kuhusu wavulana wawili wanaotaka kuwa watunzi wa manga, yaani hadithi za picha za Kijapani. Ilianza kama manga iliyoandikwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, ikatoka katika jarida la *Weekly Shonen Jump* la kampuni ya Shueisha kuanzia tarehe 11 Agosti 2008 hadi 23 Aprili 2012. Sura zake 176 zimekusanywa katika vitabu 20.

Manga hiyo ilitengenezwa kuwa anime, yaani mfululizo wa katuni za televisheni, na studio ya J.C.Staff. Anime ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 2010 katika chaneli ya elimu ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani. Ilikuwa na misimu mitatu yenye jumla ya vipindi 75, na ilimalizika tarehe 30 Machi 2013. Mwaka 2015 ilitoka pia filamu iliyoigizwa na watu.

Tofauti na anime nyingi za wavulana, Bakuman haina mapigano, uchawi wala viumbe wa ajabu. Silaha za wahusika wake ni penseli, wino na karatasi, na hatari inayowakabili ni ya kawaida kabisa: kazi kukataliwa, kazi kusimamishwa, au mwili kushindwa kuendelea.

## Jina

Jina Bakuman limeundwa kwa kuunganisha maneno. Sehemu ya mwisho, *man*, inatokana na neno *manga*. Sehemu ya kwanza, *baku*, inaweza kuhusishwa na maneno matatu ya Kijapani: *bakuchi*, yaani kamari, *bakuhatsu*, yaani mlipuko, na *baku*, mnyama wa hekaya anayesemekana kula ndoto za watu waliolala.

Maana ya kamari ndiyo inayosikika zaidi katika hadithi. Mjomba wa mhusika mkuu, ambaye alikuwa mtunzi wa manga, alizoea kusema kwamba yeye ni mcheza kamari tu. Alimaanisha kwamba mtu anayeingia katika kazi hiyo anaweka rehani miaka ya ujana wake bila kujua kama atapata chochote.

Nukta inayofuata jina katika maandishi ya Kijapani ni sehemu ya jina lenyewe.

## Watunzi

Ohba na Obata walikuwa wamekwisha kujulikana kwa *Death Note*, manga iliyotoka katika jarida hilohilo kati ya miaka 2003 na 2006. Kabla ya hapo Obata alikuwa amechora *Hikaru no Go*, hadithi ya mvulana anayejifunza mchezo wa ubao uitwao *go*, iliyoandikwa na Yumi Hotta. Tsugumi Ohba ni jina la kalamu, na mwenye jina hilo hajajitambulisha hadharani.

Katika Bakuman watunzi hawa wawili wanasimulia kazi inayofanana na yao wenyewe: mmoja anaandika, mwingine anachora. Vitabu vya manga hiyo vina kurasa zinazoonyesha rasimu ya Ohba, kisha rasimu ya Obata, kisha ukurasa uliokamilika, ili msomaji aone jinsi wazo linavyobadilika likipita katika mikono miwili.

Utaratibu wa watu wawili kufanya kazi kama mtunzi mmoja una historia ndefu Japani. Hiroshi Fujimoto na Motoo Abiko, waliokuwa marafiki tangu shule ya msingi, walitumia kwa miaka mingi jina moja la kalamu, Fujiko Fujio. Abiko baadaye aliandika *Manga Michi*, manga kuhusu vijana wawili wanaotafuta njia ya kuwa watunzi, kwa kufuata maisha yao halisi. Bakuman iko katika ukoo huo wa hadithi, ila inahusu Japani ya simu za mkononi na takwimu za kura za wasomaji.

## Muhtasari wa hadithi

### Mwanzo

Moritaka Mashiro ni mwanafunzi wa miaka 14, aliye katika mwaka wa mwisho wa shule ya kati, yaani ngazi inayofuata shule ya msingi nchini Japani. Ana kipaji cha kuchora, lakini amekwisha kujiandaa kwa maisha asiyoyapenda: shule ya kawaida, chuo cha kawaida, kazi ya ofisini.

Siku moja anasahau daftari lake darasani. Akirudi kulichukua anamkuta Akito Takagi, mwanafunzi anayeongoza kwa alama, ameshalifungua. Ndani yake mna picha za Miho Azuki, msichana wa darasa lao ambaye Mashiro anampenda kimya kimya. Takagi anatumia siri hiyo kumbana: anataka waungane kutengeneza manga, yeye akiandika na Mashiro akichora.

Mashiro anakataa, na ana sababu. Mjomba wake, Nobuhiro Mashiro, aliyejulikana kwa jina la kalamu Taro Kawaguchi, alikuwa mtunzi wa manga. Kazi yake moja ilipata bahati ya kufanywa anime. Zilizofuata hazikupendwa, na alifariki akiwa bado anahangaika kurudi jaridani. Familia inasema alikufa kwa kufanya kazi kupita kiasi. Mashiro kwa muda mrefu amedhani kwamba alijiua.

Takagi hakati tamaa. Usiku huo wanakwenda nyumbani kwa Azuki, na hapo wanajua kwamba yeye anataka kuwa mwigizaji wa sauti katika anime. Mashiro, kwa mshtuko wa furaha, anatamka jambo ambalo hakulipanga: manga yao ikifanywa anime, na Azuki akiwa sauti ya shujaa wa kike, wafunge ndoa. Msichana anakimbilia ndani, kisha anakubali kwa sharti moja. Hawataonana mpaka ndoto zote mbili zitimie. Watatiana moyo kwa ujumbe wa simu tu.

Ahadi hiyo ina kivuli cha zamani. Mjomba wa Mashiro na mama yake Azuki walipendana kwa barua walipokuwa vijana, lakini mjomba alisubiri afanikiwe kwanza ndipo aseme, na alipokuwa akisubiri msichana aliolewa na mtu mwingine.

### Kupanda na kuanguka

Mashiro anapewa ufunguo wa chumba alimofanyia kazi mjomba wake. Chumba kimeachwa kama kilivyokuwa, na rafu zimejaa vitabu vya manga, rasimu na zana za kuchorea. Wavulana wanakifanya kuwa makao yao. Wanajiwekea lengo la kupata anime kabla ya kutimiza miaka 18.

Baada ya likizo nzima ya kazi wanapeleka mswada wao wa kwanza kwa mchapishaji. Mhariri kijana, Akira Hattori, anausoma mbele yao. Hausifu sana, lakini anawapa kadi yake ya mawasiliano, jambo ambalo kwa mtunzi mchanga lina maana kubwa: mhariri anataka kuona kazi yake ijayo.

Wanachagua jina la pamoja, Ashirogi Muto. *A* inatoka kwa Azuki, *shiro* kwa Mashiro na *gi* kwa Takagi, na Muto inaandikwa kwa herufi zenye maana ya ndoto kutimia. Aliyelipendekeza ni Kaya Miyoshi, rafiki wa Azuki, ambaye baadaye anakuwa mke wa Takagi.

Tangu hapo hadithi inafuata kazi zao moja baada ya nyingine. Ya kwanza kupata nafasi ya kudumu jaridani ni hadithi ya upelelezi iitwayo *Trap*. Wakati huo bado ni wanafunzi wa sekondari ya juu, na Mashiro anachora usiku na kwenda shule asubuhi. Mwili wake unashindwa. Anaanguka, analazwa hospitalini na kufanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya ini. Hata kitandani anaendelea kuchora. Mhariri mkuu, Sasaki, anaamua kusimamisha *Trap* mpaka vijana hao wamalize shule. Watunzi wenzao wanaona uamuzi huo si wa haki na wanagoma kutoa kazi zao. *Trap* inaporudi, wasomaji wamekwisha kuhamia kwingine, na haichukui muda kufutwa.

Baadaye wanajaribu manga ya vichekesho, lakini Takagi anashindwa kuendelea nayo kwa sababu si kipaji chake, na wanaomba wenyewe isitishwe. Kisha wanafanikiwa na *PCP*, hadithi ya watoto wa shule ya msingi wanaofanya vitimbi vilivyopangwa kwa ustadi bila kukamatwa. Hata mafanikio hayo yana ukuta: *PCP* inapendwa, lakini haiwezi kufanywa anime kwa hofu kwamba watoto watawaiga wahusika wake. Kazi ya mwisho, *Reversi*, ndiyo inayowafikisha kwenye lengo, miaka kadhaa baada ya ile waliyojiwekea.

## Wahusika wengine

* Eiji Nizuma – kijana mwenye kipaji kikubwa kutoka Aomori, kaskazini mwa Japani, aliyepata tuzo akiwa na miaka 15. Ni mpinzani mkuu wa Mashiro na Takagi na pia mmoja wa wanaowapenda zaidi. Anapoingia katika kampuni anaomba kwamba akiwa namba moja apewe haki ya kufuta manga moja asiyoipenda. Inapofika siku ya kuitumia haki hiyo, anaichagua kazi yake mwenyewe.
* Shinta Fukuda – mtunzi mwenye ulimi mkali na moyo wa urafiki, anayewaunganisha watunzi vijana wa kizazi chake.
* Takuro Nakai – mchoraji wa zaidi ya miaka 30 ambaye amekuwa msaidizi wa watunzi wengine kwa zaidi ya miaka kumi. Anajua kuchora vizuri kuliko wengi, lakini hana hadithi yake.
* Ko Aoki – mtunzi mwanamke anayejitahidi kuandika katika jarida la wavulana baada ya kuanzia katika manga za wasichana.
* Kazuya Hiramaru – mfanyakazi wa ofisini aliyeacha kazi baada ya kusoma manga kwa bahati, akaandika moja na kupata umaarufu mara moja. Anagundua kwamba kazi hii ni ngumu kuliko ile aliyoikimbia, na mhariri wake hutumia kila hila kumzuia asitoroke.
* Aiko Iwase – mwanafunzi bora darasani aliyempenda Takagi, ambaye baadaye anakuwa mwandishi wa riwaya na kisha mshindani wake katika manga.
* Toru Nanamine – mtunzi anayekusanya mawazo kutoka kwa kundi la watu wa intaneti, akiamini kwamba wasomaji wengi pamoja hawawezi kukosea kuliko mhariri mmoja.

## Kazi ya manga kama inavyoonyeshwa

Sehemu kubwa ya Bakuman ni maelezo ya jinsi manga ya kila wiki inavyotengenezwa. Hatua zake kwa ufupi ni hizi:

1. Rasimu ya mpangilio. Wajapani huiita *nemu*. Ukurasa hugawanywa katika visanduku, na wahusika huchorwa kwa mistari michache pamoja na maneno watakayosema. Mhariri husoma rasimu hii na kuagiza mabadiliko, mara nyingi zaidi ya mara moja.
2. Penseli. Mchoraji huchora ukurasa kamili.
3. Wino. Mistari hupitiwa kwa kalamu za kuchovya. Katika vipindi vya mwanzo Mashiro anatambua kwamba kuchora vizuri kwa penseli hakumaanishi kuiweza kalamu ya wino, na analazimika kujifunza upya.
4. Mandhari na vivuli. Wasaidizi huchora majengo na vitu vya nyuma, kisha hubandika karatasi nyembamba zenye vitone vinavyoleta rangi ya kijivu.

Sura moja huwa na kurasa karibu 19, na inapomalizika nyingine inasubiri. Mtunzi hulipwa ada kwa kila ukurasa, lakini ada hiyo ndiyo inayolipia pia wasaidizi wake. Kipato kikubwa hutokana na mrabaha wa vitabu, na vitabu huuzwa pale tu manga inapodumu jaridani.

Kudumu huko kunategemea wasomaji. Katika zama za Bakuman, ndani ya jarida la *Jump* mlikuwa na kadi ya posta ambayo msomaji aliandika hadithi tatu alizozipenda zaidi katika toleo hilo na kuituma. Wahariri walihesabu kadi na kupanga hadithi zote kwa nafasi. Zinazobaki chini kwa wiki nyingi hufutwa ili kutoa nafasi kwa mpya. Katika Bakuman, matokeo ya awali ya kura hizo hufika kwa simu ya mhariri, na simu hiyo hubeba mvutano ambao katika hadithi nyingine hubebwa na upanga.

Kwa sababu hiyo hadithi huuliza tena na tena swali moja: je, mtunzi aandike anachokiamini au kinachopigiwa kura? Wahusika hugawa manga katika njia mbili, ile ya wengi, yenye mashujaa na mapambano, na ile ya pembeni, yenye mawazo yasiyo ya kawaida. Hattori anaamini nguvu ya Takagi iko katika njia ya pili. Mashiro anaogopa kwamba njia hiyo haitawafikisha kwenye anime. Nanamine anapojaribu kulimaliza swali hili kwa kuwauliza wasomaji moja kwa moja, kazi yake inaanza vizuri na kuishia kuvurugika, kwa kuwa watu wengi wanaotoa mawazo hawabebi jukumu la hadithi.

## Anime

Msimu wa kwanza uliongozwa na Kenichi Kasai, aliyekuwa ameongoza *Honey and Clover* na *Nodame Cantabile*, pamoja na Noriaki Akitaya. Mashiro alipewa sauti na Atsushi Abe, Takagi na Satoshi Hino, Azuki na Saori Hayami, na Nizuma na Nobuhiko Okamoto. Wimbo wa ufunguzi wa msimu huo ni "Blue Bird" wa kundi la Kobukuro.

| Msimu | Vipindi | Kuanza | Kumalizika |
|---|---|---|---|
| 1 | 25 | 2 Oktoba 2010 | 2 Aprili 2011 |
| 2 | 25 | 1 Oktoba 2011 | 24 Machi 2012 |
| 3 | 25 | 6 Oktoba 2012 | 30 Machi 2013 |

Anime inafuata manga kwa karibu, lakini majina ya kibiashara yamebadilishwa. Jarida la *Jump* linaitwa *Jack*, na kampuni ya Shueisha inaitwa Yueisha. NHK ni shirika la umma ambalo haliruhusiwi kutangaza biashara. Katika manga, ambayo ilichapishwa na kampuni yenyewe, majina halisi yanatumika.

### Vipindi vya mwanzo

Mtazamaji aliyeijua *Death Note* mwaka 2010 angeweza kushangaa. Badala ya mauaji na mafumbo alipewa wavulana wawili wanaozungumza darasani na barabarani. Hata hivyo namna ya kusimulia ni ileile: wahusika hufikiri kwa sauti, hupanga mikakati na hupima mawazo ya mpinzani.

Vipindi vya mwanzo vinakwenda polepole. Wavulana wanachukua vipindi kadhaa kabla ya kufika kwa mchapishaji, na wapinzani wao wakuu wanaingia baadaye zaidi. Mtazamaji anayeamua kwa kipindi cha kwanza pekee anaweza kudhani kwamba hii ni hadithi ya mapenzi ya shuleni, kwa kuwa ahadi ya ndoa inatangulia kuliko kazi yenyewe. Ahadi hiyo ni ya kitoto, na hadithi haifichi hilo. Waliotoa ahadi wana miaka 14 na hawajazungumza zaidi ya maneno machache.

Lakini kilichowekwa rehani tangu kipindi cha kwanza si mapenzi peke yake. Mtazamaji anaonyeshwa mapema mtu aliyefuata ndoto hiyohiyo na kuishia kufa, na chumba chake ndicho wavulana wanachokalia. Kila zana wanayoishika ilikuwa yake. Kwa Takagi pia kuna deni la nyumbani: baba yake alipoteza kazi, na mama yake akaweka tumaini lote kwa mtoto kwamba afaulu masomo na kurudisha heshima ya familia. Anapochagua manga, Takagi anakataa maisha ambayo mama yake alimpangia. Mashiro kwa upande wake anachagua maisha ambayo familia yake inayaogopa kwa sababu inazijua gharama zake.

Kipindi ambacho Mashiro anaanguka mgonjwa, katika msimu wa pili, kinajibu kile kilichopandwa hapo. Sasaki, anayesimamisha *Trap*, alimfahamu mjomba wa Mashiro. Wavulana wanamwona kuwa adui wa ndoto yao, lakini mtazamaji aliyekumbuka mwanzo anaweza kuelewa pande zote mbili.

## Mapokezi

Bakuman ilisifiwa hasa kwa kufungua mlango wa ofisi za wahariri, mahali ambapo wasomaji wa kawaida hawafiki. Uhusiano wa mtunzi na mhariri, mikutano ya kuamua hadithi ipi ianze na ipi ife, na ushindani usio na chuki kati ya watunzi ni mambo yaliyowavutia hata watu wasiosoma manga. Obata alipongezwa pia kwa kuzichora kazi za watunzi wa kubuniwa kila moja kwa mtindo wake, hivyo ukurasa wa Nizuma haufanani na wa Mashiro.

Lawama kubwa zaidi ilihusu namna wanawake wanavyoonyeshwa. Mapema katika hadithi baba yake Mashiro anaruhusu mwanawe kufuata manga kwa hoja kwamba wanaume wana ndoto ambazo wanawake hawazielewi. Takagi naye anasema Azuki ni mwerevu kuliko Iwase, mwenye alama za juu, kwa kuwa Azuki anajua kuwa mpole na wa kupendeza. Wahakiki wengi waliona maneno hayo kuwa ya kudharau, na kwamba simulizi lenyewe haliyapingi vya kutosha. Kaya anaacha malengo yake mwenyewe na kuwa msaidizi wa wavulana. Kwa upande mwingine, Iwase na Aoki wanapata nafasi kubwa zaidi baadaye kama watunzi kamili, na Azuki anafuata kazi yake bila kumtegemea Mashiro.

Jambo lingine linalojadiliwa ni kazi ya kupita kiasi. Japani ina neno lake kwa kifo kinachotokana na kazi, *karoshi*, na mwaka 2014 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuhimiza hatua za kuzuia vifo vya aina hiyo. Kwa mtazamo mmoja, Bakuman inaonya: mjomba amekufa na mpwa anakatwa ini. Kwa mtazamo mwingine, inamsifu mgonjwa anayechora kitandani, na inawafanya watazamaji vijana waone kwamba hiyo ndiyo alama ya ujasiri. Hadithi haitoi hukumu ya mwisho kuhusu hili.

## Filamu

Filamu ya Bakuman, iliyoongozwa na Hitoshi One, ilitoka Japani tarehe 3 Oktoba 2015. Takeru Satoh aliigiza kama Mashiro na Ryunosuke Kamiki kama Takagi. Nana Komatsu aliigiza kama Azuki na Shota Sometani kama Nizuma. Filamu inashughulikia sehemu ya mwanzo tu ya hadithi. Muziki wake ulitungwa na bendi ya Sakanaction, ambayo ilipata tuzo ya muziki ya Japan Academy kwa kazi hiyo.

## Mwisho wa hadithi

*Sehemu hii inaeleza jinsi hadithi inavyomalizika.*

*Reversi* inapochaguliwa kuwa anime, Azuki anaingia katika ushindani wa wazi ili kupata nafasi ya shujaa wa kike, na anashinda kwa sauti yake. Mashiro anamaliza hadithi yake ikiwa bado inapendwa badala ya kuirefusha. Baada ya kipindi cha kwanza cha anime hiyo kuonyeshwa, anakutana na Azuki langoni pa nyumba ya zamani ya kina Azuki, palepale walipoahidiana, na anarudia ombi lake la ndoa. Jambo ambalo mjomba hakuwahi kulisema kwa mama yake Azuki, mpwa amelisema kwa binti.

## Nafasi yake katika historia ya manga

Jarida la *Shonen Jump* lilianzishwa mwaka 1968 na kuwa la kila wiki mwaka uliofuata. Katikati ya miaka ya 1990 lilifikia kilele cha nakala zaidi ya milioni 6.5 kwa toleo moja. Bakuman ilipoanza, kilele hicho kilikuwa kimepita, na miaka miwili baada ya manga hiyo kumalizika Shueisha ilianzisha *Shonen Jump+*, jukwaa la kusomea manga kwa simu na kompyuta. Kufikia mwaka 2017 jarida la karatasi lilikuwa limeshuka chini ya nakala milioni mbili.

Hivyo Bakuman imebaki pia kama kumbukumbu ya zama fulani: zama za kadi za posta, mswada uliobebwa mkononi ndani ya bahasha na mhariri aliyeusoma mbele ya mwenyewe. Zana zimebadilika, na watunzi wengi sasa huchora kwenye skrini. Swali ambalo wavulana wale wawili waliulizana katika chumba cha marehemu halijabadilika, nalo ni kiasi gani cha maisha mtu yuko tayari kulipa kwa ajili ya kazi ambayo hakuna aliyemwahidi kwamba itafaulu.

## Tazama pia

* Manga
* Anime
* Death Note
* Osamu Tezuka